Utarudi Lini?

Hotuba ya redio. Somo: Nehemia 2:1-8

Ninyi mlio Kitui na Mwingi, Mutomo na Ikutha, na ninyi mlio upande wa pili wa mto Athi, huko Wote, Mbooni na Kibwezi, na wote mnaotusikia kutoka mbali zaidi, amani iwe kwenu. Mama uliye jikoni, punguza moto kidogo. Baba uliyerudi kutoka shambani, keti nasi dakika chache. Maana habari ya leo imekwisha kuingia katika nyumba nyingi.

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya viza, yaani ile ruhusa ambayo mtu huomba ili aingie katika nchi isiyo yake. Labda mtu atasema, "Mchungaji, hiyo ni kazi ya serikali, si ya kanisa." Lakini siku hizi ni vigumu kumpata mchungaji katika Ukambani ambaye hajaletewa fomu aitie sahihi. Mmoja anataka pasipoti, naye anahitaji mtu wa kumshuhudia. Mwingine ana binti aliyeahidiwa kazi ya nyumba huko Saudi Arabia. Mwingine amealikwa na mtoto wake aliyeko masomoni. Meza ya mchungaji imekuwa kituo cha kwanza cha safari ya ng'ambo. Basi, kama jambo hili limefika mezani petu, yatupasa tuulize Neno la Mungu lasema nini.

Nehemia alikuwa mtu wa Yuda aliyeishi ugenini, katika jumba la mfalme Artashasta huko Shushani. Kazi yake ilikuwa kumpelekea mfalme divai. Habari zikamfikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketea kwa moto. Akalia, akafunga, akaomba. Hata siku moja, katika mwaka wa 20 wa Artashasta, mfalme akauona uso wake una huzuni, akamwuliza sababu. Nehemia asema wazi kwamba aliogopa sana. Ndugu msikilizaji, kama umewahi kusimama mbele ya dirisha la ubalozi, na mtu aliye nyuma ya kioo akainua macho akakutazama, waijua hofu hiyo.

Sasa angalieni mfalme alimwuliza nini. Alitaka kujua mambo mawili: safari yako itachukua muda gani, nawe utarudi lini? Maswali hayo yana umri wa miaka karibu 2,500, na hata leo hayajabadilika. Nehemia akamwambia mfalme muda wake. Kisha akaomba barua za kuwapelekea maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wamwache apite mpaka afike Yuda, na barua nyingine kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya kujengea. Barua zile, wapenzi, ndizo viza. Nehemia hakusema, "Mungu yu pamoja nami, barua za nini?" Aliomba kwa Mungu, kisha akaomba kwa mfalme, wala hakuona aibu kufanya yote mawili.

Nasi wa Ukambani tunayo habari inayofanana na hiyo karibu na mlango wetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha CMS, alifika Unguja. Hakuanza kazi kabla ya kumwendea Seyyid Said, aliyetawala pwani wakati ule. Seyyid alikuwa Mwislamu, lakini alimwandikia Krapf barua kwa maliwali wake, akiwaeleza kwamba mtu huyu ni mwema na kazi yake ni ya Mungu, basi wamtendee vizuri na kumsaidia popote. Kwa barua hiyo Krapf akakaa Mombasa. Mwaka uo huo akawazika huko mkewe Rosine na mtoto wao mchanga.

Lakini alipoingia bara, barua ya Seyyid haikuwa na nguvu tena. Alipofika Kitui mwaka 1849, kilichomlinda kilikuwa neno la mwenyeji wake Kivoi, mkuu na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba 1849, alipouona mlima Kenya kwa mbali. Mwaka 1851 akarudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini na njaa na kiu, hana wa kumtetea. Mwaona? Barua ya Seyyid iliishia pwani. Neno la Kivoi liliishia siku ya kifo chake. Kila barua ya mwanadamu ina mpaka wake. Liwekeni jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Sasa, wapenzi, yatupasa tuwaambie habari yetu wenyewe, wala si habari ya kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, parishi tuliyoitumikia ilikuwa na urafiki na usharika mmoja wa Ulaya. Wenzetu wakatualika watu sita, tukae nao wiki mbili, tuabudu pamoja na kuziona kazi zao. Baraza la parishi likachagua watano bila shida. Nafasi ya sita ikabaki wazi. Jioni moja mama mmoja mjane akaja nyumbani kwetu, amebeba jogoo kwapani. Akakaribishwa chai, lakini hakuinywa. Akasema, "Mchungaji, wamjua mwanangu. Amemaliza chuo, karatasi zote anazo, na huu ni mwaka wa nne anakaa tu. Mwandike jina. Akifika huko, Mungu atamfungulia."

Tulielewa maana yake. Kufika huko hakukuwa kwa wiki mbili. Hata vijana wenzake walijua, maana alikwisha kuwaaga. Lakini tulimhurumia mama yule. Sisi ndio tuliomzika mumewe, na watoto wake wadogo tuliwaona wakifukuzwa shule kwa ajili ya karo. Basi tukachukua karatasi ya kanisa, tukaandika kwamba kijana huyu ni katibu wa vijana wa parishi, tukatia sahihi, tukapiga mhuri. Ukweli ni kwamba tangu siku ya kipaimara hatukumwona katika mkutano hata mmoja wa vijana. Mama akauza ng'ombe wawili, na fedha nyingine akazikopa katika chama chake cha akina mama. Zikawekwa katika akaunti ya kijana, zikae hapo mpaka benki itoe taarifa, kisha zile za mkopo zirudishwe. Hayo nayo tuliyajua, tukanyamaza.

Siku ya mahojiano ikafika. Tuliondoka usiku wa manane ili tufike Nairobi mapema. Kati ya wale sita alikuwamo mama mzee wa Umoja wa Akina Mama, aliyefundisha shule ya Jumapili tangu ujana wake. Alizaliwa nyumbani na hakuna aliyeandika siku, kwa hiyo pasipoti yake yasema tarehe 1 Januari, kama za wazee wengi. Aliuza mbuzi wanne apate ada. Alipoulizwa atarudi lini, alijibu, "Nitarudi kabla ya mvua ya Oktoba. Nisipopanda ndengu na mbaazi wakati huo, wajukuu watakula nini?"

Kijana wetu akaitwa dirisha jingine. Akaulizwa vijana wa parishi yake hukutana siku gani. Akasema Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa akaulizwa swali lilo hilo, akasema Jumamosi alasiri, kama ilivyo. Sisi tulikuwa tumeketi nje kando ya barabara, tukingoja. Walipotoka tuliziona nyuso zao, tukajua kuna jambo. Baada ya wiki mbili pasipoti sita zikarudi, zote sita hazina viza. Barua iliyokuja pamoja nazo ilieleza kwamba hati zilizotolewa hazikuaminika.

Hatumlaumu afisa yule. Angefanya nini? Mkono mmoja ndio ulioandika barua zote sita. Ukionekana umedanganya katika moja, nani ataziamini zile tano?

Na kuna jambo lililotuchoma zaidi. Fomu za nchi kama Uingereza humwuliza mwombaji kama amewahi kunyimwa viza mahali popote. Tangu siku ile mama yule mzee, ambaye hakusema neno hata moja la uongo, itampasa ajibu "Ndiyo" kila atakapojaza fomu ya namna hiyo. Sisi tulidanganya, naye ndiye aliyeandikiwa.

Tulikwenda nyumbani kwake tukamwambia yote. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe akichambua ndengu. Alinyamaza kwa muda mrefu, vidole vyake vikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Mchungaji, mbuzi watazaliwa wengine. Lakini mimi niliposimama mbele ya yule mtu, nilikuwa nimeliegemea jina lako." Hakuongeza neno. Wapenzi, tumesikia mahubiri mengi, chuoni na makanisani, lakini hatukumbuki mahubiri yaliyotuingia kama hayo.

Tuliungama mbele ya baraza la parishi. Tukawaandikia rafiki zetu wa Ulaya, na ile ofisi pia, tukaeleza kosa ni la nani. Wale watano tuliwarudishia ada zao kutoka mshahara wetu, kidogo kidogo, ikatuchukua mwaka mmoja na miezi miwili. Baadaye tulialikwa tena, na watatu kati ya wale watano wakapewa viza, wakaenda, wakarudi. Mama mzee hakuomba tena. Alisema magoti yamechoka. Kijana hajapata kazi ya mshahara hata leo, na mama yake alilipa deni la chama kwa taabu kubwa. Huja kanisani, lakini huketi nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha huondoka kabla hatujamfikia. Tulitaka kumsaidia mjane, tukamwachia deni.

Kutokana na habari hizi twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza, Nehemia aliomba kabla ya kujibu. Mfalme alipomwuliza haja yake, hapo hapo, kati ya swali na jibu, alimwomba Mungu wa mbinguni. Hakuomba ili apate uwongo mzuri wa kusema. Watu wengine hutuletea karatasi zao tuziombee, na ndani yake mna ukurasa mmoja ulioghushiwa. Je, tumwombe Mungu wa kweli aufumbe macho ukurasa ule? Haiwezekani. Kama karatasi haifai kuwekwa juu ya meza ya Bwana, haifai kuwekwa juu ya meza ya balozi.

Jambo la pili, Nehemia alisema kweli, hata kwa mfalme wa kigeni. Hapa twajua shida yetu inatoka wapi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, babu zetu walilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikitia katika kikopo cha bati wakakivaa shingoni. Humo mlikuwa alama za vidole vyao na jina la bwana aliyewaajiri. Ofisi wakati ule haikuwa yao. Ilikuwa ofisi ya kuwabana, na mtu aliyeikwepa alionekana shujaa. Hivyo tukarithi fikira kwamba kudanganya ofisi si dhambi, bali ni werevu. Leo vidole vyetu huchukuliwa alama tena tunapoomba viza, na moyo wa zamani huamka. Hatusemi kwamba kila sheria ya uhamiaji ni ya haki. Zipo zinazomwangalia Mwafrika kwa jicho la shaka, na kanisa lina wajibu wa kusema hivyo waziwazi. Lakini udhalimu wa ofisi haujapata kuufanya uongo wetu uwe kweli.

Jambo la tatu, Nehemia alirudi. Wengi hatusomi mpaka mwisho wa kitabu. Katika sura ya 13, mstari wa 6, twaona kwamba katika mwaka wa 32 alikuwa amerudi kwa mfalme. Ilipita miaka 12 tangu aanze kazi Yerusalemu, lakini alirudi. Mtu anapotia sahihi fomu ya viza ya kutembea, ameahidi kurudi. Chukueni mfano wa Marekani. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 yasema kwamba anayeomba viza ya kutembea ahesabiwe kuwa anataka kuhamia, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Kwa hiyo watu hupeleka hati ya shamba, barua ya kazi, cheti cha ndoa, ili kuonyesha kwamba kuna kitu nyumbani kinachowavuta. Na ada, iliyopandishwa kufika dola 185 Juni 2023, hairudishwi mtu akinyimwa. Tusifikiri kwamba mataifa mengine tu ndiyo hufanya hivyo. Hapa Kenya viza ziliondolewa Januari 2024, lakini mahali pake pakawekwa idhini ya kuombwa kwa mtandao kabla ya safari, na wageni wengi waliotaka kuja kwetu wakajaza fomu, nao wakangoja jibu.

Msikilizaji kijana, usidhani twakukataza kusafiri. Ibrahimu alitoka nyumbani mwa baba yake. Babu zetu Wakamba walishuka Mombasa na pembe za ndovu wakati ambapo njia hazikuwa na barabara. Kutoka si dhambi. Lakini toka mchana, usitoke usiku. Kama waenda kutembea, omba viza ya kutembea. Kama waenda kufanya kazi, omba ya kazi. Ukienda Saudi Arabia au nchi nyingine za Ghuba kwa viza ya kutembea ili ufanye kazi, siku utakapoonewa huna pa kulalamika, kwa kuwa wewe mwenyewe umekosa sheria. Wakala akikuambia ulipe haraka, kwanza uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama amesajiliwa. Usitie sahihi mkataba usioweza kuusoma. Waachie jamaa zako nakala ya pasipoti yako, na jina na simu ya mwajiri. Nanyi wazazi, msiuze shamba kwa maneno ya mtu mmoja aliyekuja na pikipiki. Shamba likiisha kuuzwa, mtoto atakaporudi atarudi wapi?

Nasi wachungaji wenzangu tujihadhari na mhuri. Huruma yetu na iwe na macho. Mjane akija na jogoo, tumwambie kweli, kisha tutembee naye katika kutafuta njia iliyo halali, hata kama ni ndefu. Mhuri wa kanisa si mali yetu. Nyuma yake wamesimama watu wengi ambao hawatuoni tukiupiga.

Na sasa turudi kwenye lile neno tulilowaomba mliweke moyoni, kwamba kila barua ya mwanadamu ina mpaka wake. Barua yetu iliishia kwenye kioo cha dirisha. Mama yule aliliegemea jina letu, nalo likavunjika kama bua la mtama. Lakini liko Jina moja ambalo mtu akiliegemea halivunjiki. Paulo awaambia Waefeso kwamba waliokuwa mbali, wageni wasio na fungu, sasa ni wenyeji pamoja na watakatifu. Na awaambia Wafilipi kwamba wenyeji wetu uko mbinguni. Ni nani aliyetufanyia hivyo? Ni Kristo, wala hakutuandikia barua ya uongo. Hakusema kwamba sisi ni makatibu wa jambo ambalo hatujalifanya. Anatujua jinsi tulivyo, na akaunti zetu zilivyo tupu, wala hakuzijaza kwa fedha za kuazima. Alilipa kwa damu yake mwenyewe.

Hatusemi kwamba ukimwamini Kristo utapata viza. Yamkini utanyimwa, na ada yako itapotea. Lakini hakuna afisa awezaye kupiga mhuri juu ya pasipoti ya nafsi yako kwamba wewe hufai. Hilo lilikwisha kuamuliwa Kalvari.

Pengine wewe unayetusikiliza u mbali leo. Viza yako ilikwisha muda zamani, na umeona aibu kumpigia mama simu. Au hukuvuka mpaka wowote, unakaa papa hapa kijijini, lakini moyo wako umehama, nawe huketi karibu na mlango. Yule mwana aliyepotea hakuulizwa karatasi alipofika. Baba yake alimwona angali mbali, akamkimbilia. Basi swali la mfalme Artashasta, Mungu naye anakuuliza, lakini yeye anauliza kama baba: Mwanangu, utarudi lini?

Na tuombe. Ee Baba, twakuomba kwa ajili ya wote wanaongoja majibu leo, na wote waliojibiwa hapana. Walinde binti zetu na vijana wetu walio ugenini. Tusamehe sisi tuliosema uongo kwa sababu ya huruma, na uwaponye tuliowaumiza. Utufanye watu ambao jina lao laweza kuegemewa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.